Jina Alilotaja kwa Daktari

Othaya, Jumapili

Kwa dada yangu mkubwa Watiri,

Pokea salamu zetu. Natumaini goti lako limepoa, na yule ng'ombe wako wa Mukurweini bado anakujazia ndoo. Sisi ni wazima. Najua umeitazama bahasha hii kwa mashaka, maana kwa miaka miwili sijakutumia hata ujumbe wa simu. Tafadhali isome yote kabla ya kuiwashia moto.

Ni habari ya mtoto. Ile sauti ya kukwaruza haikupona. Mwezi uliopita alianza kupumua kwa mluzi, tukamkimbiza Nyeri kwa daktari wa koo, mama mmoja wa Meru aitwaye Karambu. Unanijua, nilifika na hotuba tayari. Nilishambulia dawa za pumu tulizopewa bure bilashi, kisha nikaingia kwa jiko lako la kuni na moshi wake. Aliniacha nimalize. Akampima mtoto, akanionyesha kwenye skrini nyuzi zake za sauti: vinyama vimesongamana juu yazo kama koliflawa. Akasema, "Mama, moshi hauoteshi hivi."

Alinieleza kwamba ni kirusi kiitwacho HPV, kile kiletacho chunjua, na kwamba mtoto mdogo hivi kwa kawaida hukipata kwa mamake anapozaliwa.

Dada, hotuba yangu niliikunja. Mimi, ambaye wakurugenzi wa kiwanda cha chai hutazama saa nikiinua mkono mkutanoni! Hebu fikiria: njia ile fupi, ambayo mtu huipita mara moja tu maishani, na kitu kisichoonekana kikatoka naye, kikatulia kooni miaka mitatu kabla ya kujitangaza. Nimesoma vitabu vingi. Hakuna kilichonifanya mdogo kama picha ile.

Sasa nikuambie nilichomficha hata Mugo mume wangu hadi juzi. Nikiwa na mimba ya miezi saba, muuguzi aliniona chunjua sehemu za siri, akaniambia nirudi nitibiwe. Sikurudi. Niliona haya. Daktari anasema huenda kurudi kusingebadilisha kitu; wanawake wengi wana kirusi hiki bila kujua, na watoto wanaougua hivi ni wachache mno. Basi sikubali kuitwa mchafu kwa ajili yake, na atakayethubutu tukutane hadharani. Lakini wewe nilikukosea. Mtoto alipoanza kukwama sauti, moyoni nilihofia kwamba ugonjwa umetoka kwangu, ndiyo maana nikapiga kelele mbele ya ukoo mzima kwamba jiko lako limeiba sauti yake. Nikaacha hata kumwita jina lako tulilompa kwa desturi yetu. Nikaamuru aitwe Ivy tu.

Vinyama vimetolewa. Vinaweza kurudi, na upasuaji urudiwe. Ila juzi daktari alimwomba aseme jina lake ili aisikie sauti. Nikangoja Ivy. Akavuta pumzi, akasema wazi, bila kukwaruza hata kidogo: "Watiri."

Nililia mbele ya wauguzi.

Tunarudi Nyeri tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi. Anauliza kila siku kama mwenye jina lake atakuja. Nimemwambia nitakuuliza.

Ni mimi mdogo wako,
Wangechi