Nilimwita Mkwe kwa Jina Ndege Ikishuka Ziwani

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijapasuka kwa hasira. Mimi ni muuguzi hapa Tabora, na hupanda ndege ndogo inayopeleka chanjo kwenye vijiji vya ujamaa, ile yenye magurudumu ya kutua uwanjani na maboya ya kutua majini, na rubani wake, Ngollo, ni baba mdogo wa mume wangu, yaani mkwe wangu, na kwetu mkwe hasemeshwi ovyo wala hatajwi jina, kwa hiyo nikiwa na neno humpa Tobias, mchanjaji mwenzangu, naye humfikishia.

Wiki iliyopita tulitua uwanjani Urambo kuchukua dawa, tukaruka kwenda ziwa Sagara, na kwa kuwa safari ni fupi mkwe akasahau kukunja magurudumu, nami nikayaona dirishani yananing'inia huku maji yanatujia, na sote tumefundishwa kwamba gurudumu likigusa maji linanasa, ndege inapinduka na watu wanazama wamefungwa mikanda, basi nikamtikisa Tobias, "Mwambie magurudumu!", Tobias anatapika, nikamtikisa tena, wapi, mwisho nikapiga kelele, "Ngollo! Magurudumu! Pandisha ndege!" Akapandisha, akazunguka, akayakunja, tukatua salama.

Sasa mama mkwe kanisusa, anasema nimemvunjia mkwe heshima. Mume wangu, Lugembe, eti ningemtikisa Tobias kwa nguvu zaidi! Jumapili naitwa mbele ya ukoo nipige magoti, niape sitamsemesha tena mkwe ndani ya ndege, la sivyo nirudi kwetu Kigwa. Mkwe mwenyewe kimya. Je, niape?

Benedikta, Ng'ambo

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Usiape! Barua yako imenifanya niache chai ikapoa. Watu wazima na akili zao wanaitisha kikao kumhukumu aliyewaokolea ndugu yao asizame!

Lakini nawe nikuseme. Unaona kifo dirishani, halafu unatafuta wa kumtuma? Tena anayetapika? Tobias angezimia ungengoja azinduke?

Nyumbani mheshimu mkwe, mpishe njia, jina lake usilitaje. Ndani ya ndege, kila mnapokaribia kutua, tazama nje useme kwa sauti unachokiona: tunashuka majini, magurudumu yamekunjwa, au hayajakunjwa. Rubani asiyetaka kuambiwa hivyo asibebe watu.

Jumapili nenda. Kwa kumtaja jina, omba radhi ukiwa umekaa mkekani kama wengine. Kwa kupiga kelele, usiombe hata kidogo. Wala usipande ndege hiyo mpaka mkwe akuruhusu mbele ya wote kusema naye humo ndani. Lugembe akikurudisha Kigwa, utafika ukiwa hai, na huyo mume ajitafutie mke bubu.

Nawe Ngollo, najua gazeti hili linakufikia. Magurudumu uliyasahau wewe, anayepigishwa magoti ni binti wa watu. Hiyo ndiyo heshima unayoidai? Jumapili wahi kikaoni kabla yake, uwaambie kwa kinywa chako nani alikosea.