Bakuli la Matobolwa Mpakani

Minza,

Bibi yako yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza riwaya yetu imefikia wapi.

Imebaki pale pale. Wale mabinti wetu wanaowinda mizimu bado wamesimama mbele ya mlango wa ghala la pamba, na ndani kuna kitu kinatembea. Wewe ulitaka kiwe mzimu kweli. Mimi nilitaka kiwe na maelezo, kama ule mzimu wa maabara tuliouwinda tukiwa kidato cha tatu, tukakuta ni bati lililolegea. Ulininunia. "Limi, wewe utaniulia wote," ulisema. "Nibakizie hata mmoja."

Ulipofariki, madaktari walisema ni selimundu. Hapa Zagayu neno hilo halikuwatosha watu. Binti msomi, kalelewa na kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, halafu anakufa hivi hivi? Wakasema hukufa. Umechukuliwa msukule, umefichwa ili umlimie Bibi. Kisha wakasema umeonekana alfajiri, unapalilia pamba yake, na kwamba yeye anakuwekea chakula mpakani mwa shamba.

Niliposikia umeonekana, kabla sijaogopa, nilitamani iwe kweli. Hilo sijamwambia mtu.

Hofu ilikuja baadaye, kisimani, kijana mmoja aliposema, "Yule bibi pamba ya mwaka huu haivuni," na wenzake wakacheka. Hawakuwa wakitania. Unajua vikongwe wakishaitwa wachawi wanafanywa nini huku kwetu.

Nikafanya ulivyonifundisha tulipowinda ule mzimu wa maabara. Nilikwenda kwa Mama Sayi, jirani aliyekuona. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Sikumuuliza kaona nini. Nilimwomba anipeleke aliposimama. Akanipeleka kwenye ua wa minyaa, akanyoosha mkono. "Alikuwa pale, ametupa mgongo huku. Sweta ya kijani, ile ya shule. Unadhani simjui Minza?"

Sweta ya kijani. Minza, sweta hiyo ninayo mimi.

Bibi alinipa sweta yako kabla nguo hazijagawanywa kwenye matanga, akaniambia niifiche, ndugu wasione. Mvua zilipoanza nikawa nalala kwa shangazi, hapo jirani. Alfajiri nakwenda kumpalilia Bibi mistari michache ya pamba, naondoka kabla hajaamka. Mgongo wake umekwisha, na angeniona angenikataza. Kuna baridi saa zile, na watu bado wamelala; sikudhani kuna anayeniona. Na sweta bado ilikuwa na harufu yako.

Kumbe nilikuwa nawinda mzimu ambao ni mimi.

Na yale matobolwa, viazi vyake vya kuanika, kwenye bakuli la mpakani nilikuwa nayala. Nilidhani kanigundua, ananishukuru kimya kimya kama kawaida yake.

Walipomkalisha Bibi katikati ya mkutano wa kitongoji, ajibu hayo ya msukule, niliwaomba wote waje wasimame kwenye minyaa. Nilivaa sweta, nikaingia katikati ya pamba, nikawapa mgongo, nikaanza kupalilia. Nyuma yangu Mama Sayi akapiga yowe: "Huyo, huyo!" Ndipo nikageuka.

Mzee mmoja akasema, "Basi msukule mwenyewe ana digrii, na kulima hajui, tazama anavyokata pamba." Watu wakacheka hadi mwenyekiti naye akacheka, akasema kila mtu aende kwake. Sijawahi kupenda kicheko cha watu kama siku ile.

Bibi hakucheka. Alikuwa anaitazama sweta.

Jioni, jikoni, akikoroga uji, akaniambia bila kuniangalia, "Kwa hiyo ni wewe ulikuwa unakula." Basi. Akaendelea kukoroga.

Alikuwa akijua ni wewe, Minza. Hakuogopa hata siku moja. Alikuwa anakuchemshia viazi alivyoanika mwenyewe, anaongeza karanga kama ulivyopenda, anakuta bakuli tupu, siku yake inakwenda vizuri. Nimemwokoa na mapanga. Lakini mjukuu wake amemfia mara ya pili, na safari hii ni kwa mkono wangu. Ulisema nitakuulia wote.

Wapo ambao bado wanazunguka mbali wasipite mlangoni kwake, kwa hiyo nimehamia pale. Napalilia jua likiwa limetoka, nimevaa nguo zangu, kila mtu ananiona. Juzi nilikuta mabakuli mawili mpakani. Nilikula langu. La pili niliacha, nikarudi kwenye mistari yangu, na sikugeuka.

Pumzika, rafiki yangu. Bibi hatabaki peke yake maadamu nipo, hilo nakuahidi. Na wale mabinti nitawafungulia mlango wa ghala. Watakuta bakuli chini, tupu, bado lina joto. Sitaeleza nani kala.

Limi