Maua ya Makaburini kwa Mama

Danka, uko? Nakuandikia nimejifungia bafuni.

Si unajua leo sikukuu ya jina la mama, siku ya mtakatifu wake? Tangu hospitali wamrudishe nyumbani hainuki, basi tukamwegemeza kwenye mito, keki ikakatwa, shangazi Lucyna kaja. Mara baba huyo anaingia na chungu cha maua.

Yale meupe, Danka. YALE YA MAKABURINI.

Baba huyuhuyu ambaye tangu nizaliwe sijamwona na ua mkononi! Leo ndiyo kaamua, na anamletea mgonjwa maua ya wafu!

Shangazi akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikaropoka, "Baba, una wazimu? Hayo si ya kupeleka kaburini siku ya Watakatifu Wote?" Nilimfokea mbele ya mama.

Akabaki kasimama na kofia yake, masikio mekundu. "Muuzaji kaniambia haya ndiyo yanayodumu. Mengine siku mbili tu yamenyauka. Mimi nilitaka yadumu."

Nilitaka yadumu, anasema. Mzee wa watu.

Halafu mama akacheka. Haki ya Mungu akacheka, kile kicheko chake cha zamani. "Zenek," akamwambia baba, "umewahi kidogo."

Hakuna aliyecheka naye. Nikashika chungu nikitoe nje, mama akanidaka mkono kwa vile vidole vyake vilivyobaki mifupa.

"Acha, mwanangu. Yaweke hapa karibu niyaone. Kule makaburini sitayaona."