Siku Tuliyoficha Ndoo

Jumatatu, 6 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nimefika maktaba ya chuo mapema nikapanga ndoo chini ya paa linalovuja. Vitabu vya uuguzi vimelowa tena. Nimevisimamisha mbele ya feni. Intaneti hakuna, haijalipiwa.

Bi Rukia, mkuu wetu, amesema Alhamisi inakuja kamati ya bajeti. Wakitupa fungu, paa litatengenezwa na tutaendelea kufungua mpaka saa nne usiku. Wakitunyima, kuanzia Juni tunafunga saa kumi. Zamu ya usiku ni yangu. Naipenda.

Jumatano, 8 Mei
Kutwa kusafisha. Bi Rukia ameleta mazulia ya kwake na mapazia ya wifi yake. Vitabu vilivyoota ukungu tumevifungia stoo. Nikamwambia tuviache wavione.

"Mgeni umkaribishe kwenye uchafu, Mwanaidi? Watasema hatukulelewa."

Nikachukua ufagio. Nyumbani kwangu hata mimi ningeficha.

Alhamisi, 9 Mei
Jua kali. Bahati mbaya, leo paa halitavuja. Ndoo tumezitia chooni. Nimefukiza udi kuondoa harufu ya ukungu. Asha, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Uroa, akachungulia mlangoni: "Bi Mwanaidi, bibi harusi yuko wapi?" Nikacheka. Asha amepanga chumba Mlandege na wenzake watano. Hana pa kusoma usiku ila hapa.

Wageni wamekula halua, wamekunywa kahawa, wamesifu mazulia. Mkubwa wao akasema, "Mashaallah, nyie mna raha. Mngeona wenzenu walivyo." Bi Rukia akasema ahsante. Ameona haya kuomba mbele ya sahani. Nilisubiri ataje paa. Hakulitaja. Wala mimi.

Jumanne, 21 Mei
Jibu limekuja. Fungu limekwenda chuo kingine, penye shida zaidi. Sisi tunapongezwa kwa utunzaji mzuri.

Bi Rukia amesoma mara mbili, akavua miwani. Nina hasira naye. Nina hasira na nafsi yangu zaidi. Kuandika tena kuomba, amesema, ni mpaka bajeti ya mwakani, na hao hao ndio watakaosoma. Wataamini lipi?

Jioni mvua. Rafu ya uuguzi yote imelowa.

Jumatatu, 3 Juni
Mawingu, baridi kidogo. Saa kumi nimezima taa za nyuma. Asha bado kainamia kitabu.

"Nimalizie ukurasa huu tu, Bi Mwanaidi."

Nikamwachia. Kisha akakirudisha mwenyewe rafuni, akauliza bustanini Forodhani taa huwaka mpaka saa ngapi. Sijui. Nikamwambia pale pana makelele ya wauza pweza, hatasoma. Akasema atajaribu, mtihani hausubiri.

Nimefika nyumbani kabla ya magharibi. Mama ameshangaa kuniona, akaniuliza kama naumwa. Nimepika. Nimeswali isha. Sikuwa na jingine la kufanya.

Saa tatu, nalala.