Nilifuta Matone Chini ya Nailoni

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea hivyo hivyo, maana nina jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia, dada zangu watanicheka na mama atasema alinionya. Mimi ni mke wa fundi wa sakafu, ndoa yetu ina miaka tisa na watoto wawili, na mume wangu ni mtu wa kazi, hanywi, harandarandi, ila tangu apewe kazi ya chumba cha chini kwenye jengo la jumuiya la mtaa wetu, kile kilichozama ardhini ambacho kuta zake zinanuka ukungu hata mlango ukiwa wazi, nimekosa amani kabisa.

Sababu ni katibu wa kamati ya jengo hilo. Ni mwanamke mrefu, hana mume, anavaa suruali na viatu vya matope na anamwita mume wangu "fundi wetu" kwa sauti ambayo mimi nasikia "fundi wangu", na kila jioni mume wangu akirudi ni katibu kasema hivi, katibu kauliza vile, katibu ana akili sana ya sakafu, sasa mshauri, akili ya sakafu ndiyo ikoje? Siku moja nilimpelekea chakula cha mchana nikawakuta wawili hao wamepiga magoti bega kwa bega wakichungulia kitu chini, na mume wangu anamwambia, "Wewe ungependa ipi? Sema tu." Roho iliniuma, kwa sababu sebuleni kwetu sakafu ni saruji yenye ufa tangu tuhamie, na mimi hajaniuliza hata siku moja ningependa ipi.

Walichokuwa wakichungulia ni nailoni. Nilipomuuliza kwa hasira alidhani nimependezwa na kazi yake, akanieleza kwa furaha kwamba amebandika vipande vinne vya nailoni sakafuni, selotepu pande zote, ataviacha siku tatu, chini yake pakibaki pakavu wataweka mbao kama kamati inavyotaka, kazi ya siku nne tu, lakini vikitoa matone ina maana unyevu unapanda kutoka ardhini, hapo mbao hazifai tena, itabidi achimbe mtaro nje kuzunguka ukuta, apake dawa ya kuzuia maji, ndipo aweke vigae, wiki sita. Mshauri, mimi nilisikia wiki sita tu. Wiki sita na yule mwanamke chini ya ardhi!

Siku ya tatu nikaenda na chakula mapema kuliko kawaida, nikijua mume wangu yuko dukani kuangalia mbao, mlinzi ananifahamu akanifungulia, nikashuka, na vipande vyote vinne vilikuwa vimejaa matone kama kioo cha bafuni. Nikabandua kimoja kimoja, nikafuta nailoni na sakafu kwa upindo wa gauni langu, nikapepea kwa kipande cha boksi hadi pakakauka, nikabandika tena kwa selotepu ya kwenye sanduku lake mwenyewe. Saa moja baadaye kamati ikashuka ikakuta pakavu, wakapiga makofi. Mume wangu alikuna kichwa akasema, "Pua yangu inakataa, lakini kipimo ni kipimo," akatia sahihi.

Sasa mbao zimeshaletwa, zimepangwa ukumbini juu, zinawekwa Alhamisi. Chumba ni cha watoto wa chekechea asubuhi na wazee wa mazoezi ya viungo jioni, na ni mume wangu aliyeniambia kwamba mbao juu ya unyevu huvimba na kuinuka, mzee akijikwaa anavunjika nyonga, na ukungu unaingia vifuani mwa watoto. Juzi ubao mmoja wa mfano aliouacha pembeni aliukuta umejikunja, akasema, "Labda niliukata vibaya," yaani anajishuku mwenyewe, chakula hamalizi, na jana kasema sakafu hii ikimharibikia anaacha ufundi. Nikimwambia ukweli atanionaje? Na katibu atajua kwamba nilipiga magoti pale nikideki sakafu kwa sababu yake, atacheka hadi ajishike mbavu, na bado wiki zake sita atazipata. Sitakuficha, hata ninapoandika hivi wivu haujaniisha. Nifanye nini? Au niombe tu pakauke?

Ni mimi,
Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi,

Marahaba, nimekuzidi umri. Sasa nisikilize.

Hapatakauka. Nimempigia simu fundi mmoja wa siku nyingi ninayemwamini, akaniambia maji ya ardhini hayana habari na wivu wako. Kwenye chumba cha namna hiyo mbao hapana, kapeti hapana, na zulia la plastiki la kugandisha kwa gundi nalo hapana, maana unyevu unajifungia chini yake na kuozesha kila kitu. Mtaro kwanza, kisha dawa, kisha vigae vyenye uso wa kukwaruza ili wazee wasiteleze. Ndiyo yale yale mumeo aliyokueleza siku ile wewe ukasikia wiki sita tu.

Wivu naujua. Mimi niliwahi kumnunia marehemu mume wangu wiki nzima kwa ajili ya mwalimu wa kwaya, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na sababu. Kwa hiyo sikucheki. Lakini mdogo wangu, hata kama katibu ana lake jambo, wewe umemwadhibu nani? Yeye hujamgusa. Umemchimbia shimo mume anayerudi nyumbani kila jioni na kukusimulia kila neno alilosema huyo mwanamke. Mwanamume mwenye la kuficha angekuwa mchoyo wa maneno.

Kilichokuuma nimekiona, ni lile swali, "Ungependa ipi?" Una haki ya kuulizwa. Lakini mdomo unao. Miaka tisa mnaruka ule ufa wa sebuleni na hujasema neno, halafu unakwenda kudai haki yako kwa upindo wa gauni kwenye sakafu ya watu! Aibu.

Utamwambia. Usianze na "pengine kipimo kilikosewa", sema "nilifuta mimi". Akifoka mwache afoke, amekuwa akijilaumu kwa kosa lako. Kisha abandike nailoni mpya mbele ya kamati nzima, na wewe uwepo uieleze kamati kwa mdomo wako, maana sahihi iliyo pale ni yake. Katibu akicheka, kimeze kicheko chake. Hiyo ndiyo adhabu yako na ni ndogo. Na hizo wiki sita mpelekee chakula, ukae ule naye pale pale chini, uulize habari za mtaro. Ukiona jambo la kukutia shaka kwa macho yako, hapo niandikie.

Mwisho. Jina lako nimelificha na mtaa nimeuondoa, lakini vyumba vyenye nailoni nne na katibu wa viatu vya matope haviwezi kuwa viwili. Gazeti hili linatoka Jumatano, siku moja kabla ya mbao zenu, na mafundi hunisoma kwenye chai ya saa nne. Najua, kwa sababu huniandikia kunikosoa. Kama saa nne haijafika, weka gazeti chini umfuate. Kama imefika, kimbia.