Zimwi la Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimechora mpaka kalamu imeomba maji! Najisifu mwenyewe maana wa kunisifu kalala: mkono kama wangu mji huu haupo. Shule niliiacha darasa la sita, ila wenye digrii zao wananinunua vibandani na kunificha ndani ya magazeti. Katuni za watu wazima, hizo! Hadithi zile zile za utotoni, ila sasa wahusika wana talaka na presha. Sungura ni wakili. Binti mfalme anauza bima. Mwana mfalme ni dalali wa nyumba, suti imembana, upanga bado anao.

Na Zimwi langu! Mwanamke wa ghorofa ya nne, lifti mbovu kama yetu, anafua shuka za hoteli. Si wa kula watu ovyo — anakula waongo tu. Wasomaji wanampenda kufa.

Mhariri, tunamwita Mkasi, kasema toleo la mwisho lazima mwana mfalme amuue kwa upanga. Eti zimwi halistaafu. Atakuja kuchukua kurasa Ijumaa, saa sita mchana.

Jumatano, 5 Machi

Kosa la kitoto, mimi mkongwe! Kanuni yangu ni moja: macho natia wino mwisho kabisa. Ukishayatia, umeshaumba mtu, hafutiki. Leo baada ya chakula jua limejilaza mezani, Dada yangu anakunja nguo chumba cha pili, anaimba puani. Usingizi ukaniiba. Mkono ukaendelea na safari peke yake.

Kushtuka — Zimwi ananitazama. Wino umekauka. Macho ya Dada! Na kovu la kwenye nyusi, alilolipata siku aliponidaka nikiporomoka ngazini.

Nikafungua matoleo ya nyuma. Jamani. Kidevu chake. Vidole vyake. Na zile shuka — si ndizo alizofua miaka kumi na mbili ili mimi nile, mama alipotutoka? Kila toleo kuna sahani mbili mezani kwa Zimwi. Sikuwahi kujiuliza ya pili ni ya nani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezificha kurasa chini ya godoro. Mjanja mimi!

Baadaye. Dada kaziona. Nilisahau ni nani anayetandika.

Ijumaa, 7 Machi

Chai ya asubuhi. Nikajaribu mzaha: zimwi likujualo halikuli likakwisha! Hakucheka. Akasema, kumbe ndivyo ninavyomwona. Nikaapa si yeye. Akasema mwongo anamjua kwa harufu. Tukatazamana — karibu tucheke.

Tena akasema uzimwi haumuudhi. Hadithi zenyewe ni zake, alinisimulia nilipokuwa naogopa radi. Kinachomchoma ni upanga. "Nimekukosea nini, mdogo wangu, hata dalali aje kunichinja kwangu?"

Mimi, niliyebishana na manahodha na askari wa mipakani enzi zangu za kuzurura, nikainuka kwenda kukaza bomba. Likaendelea kuvuja. Tone. Tone.

Saa tano na nusu akakalia kiti changu, akachukua ufutio. Upanga ulikuwa bado wa penseli. Akaufuta polepole, kama anayempangusa mtoto uso. Akapuliza vumbi. Sasa mwana mfalme kasimama mlangoni, mkono mtupu umenyooka. Kama anasalimia. Kama anaomba kuingia. Ukuta wa chumba changu nao naona umelainika, kama karatasi iliyoloa.

Mkasi yuko ngazini, namsikia akiilaani lifti. Dada kaniambia nisiinuke, nimalize, atamfungulia yeye. Kalamu ina wino. Kiganja cha dalali bado kitupu — upanga ni mistari mitatu tu, dakika moja...

Mlango umefunguliwa. Mkasi kaanza "Shikamoo, da—" kakatika. Nimechungulia. Kamtambua Zimwi wangu! Kaganda pale mlangoni, suti imembana, mkono umenyooka. Dada anamwambia apite, chai ipo. Ila ule mkono mtupu Dada bado hajaupokea, na kalamu yangu iko juu ya kiganja cha dalali —