Karata Ndogo ya Heshima

Kibondo mjini

Mume wangu mpenzi, Baba Eliya,

Mwakeye. Nakupigia makofi ya salamu nikiwa huku mbali. Je, kifua cha mama mkwe kimetulia? Mvua imefika Nyakitonto? Mimi ni mzima, Mungu ananitunza, na kazi ya jikoni kwa Daktari haijanishinda.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenu mnaiweka sauti kubwa sebuleni, na wote wanasikiliza. Hili ni la kwako kwanza.

Usicheke: mkeo anacheza karata. Hakuna fedha mezani, nilihakikisha hilo na kuliombea kabla ya kukaa. Mchezo unaitwa briji. Mama Daktari, mke wa mwajiri wangu, macho yamefifia, haoni tena karata, basi Daktari akaniomba nikae mahali pake Jumapili baada ya ibada. Tunacheza na Mwalimu Tabita, mstaafu, pamoja na mumewe. Mnakuwa wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mbele yako. Kuongea kuhusu karata ulizoshika ni marufuku.

Siku za mwanzo tulikuwa tunafungwa tu. Mwalimu na mumewe wakiahidi kula mara kumi katika kumi na tatu, sisi kazi yetu ni kuwazuia kwa kula mara nne. Siku moja Daktari akaanza na ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote. Mimi nilikuwa na mfalme wa kopa, tisa na mbili. Nikaweka mbili. Daktari akaiacha kopa, akaenda kwingine, wakatufunga.

"Mama Eliya, kwenye kopa hukuwa na kitu?"

"Nilikuwa na mfalme, Daktari."

"Mfalme! Na ukanitupia mbili?"

"Niliona si adabu kuweka kubwa mbele ya mzee."

Mwalimu Tabita alicheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. "Heshima ya Nyakitonto hiyo! Usiiache, mwanangu, sisi inatushibisha!"

Daktari hakucheka. Akasema, "Mimi sioni mkononi mwako. Naona ile unayoiweka tu. Ukiweka ndogo, nasikia: acha, sina kitu. Ukiweka kubwa, nasikia: rudia hapa, nipo. Heshima yako inanidanganya."

Nikamuuliza, "Basi nikikohoa kidogo?"

"Huo ni wizi! Karata iseme yenyewe, na kila aliye mezani ana haki ya kujua maana yake."

Jumapili iliyopita akaanza na ree ya pau. Mimi nina mfalme na tisa na nyingine ndogo. Baba Eliya, niliweka tisa, kubwa ya kumwita huku mfalme nimemshika. Akaitazama, akarudia pau, nikala na mfalme. Nikamrudishia pau ya tatu, yeye zimemwishia, akaikata kwa turufu, aina inayozishinda nyingine zote. Ya nne tukaila kwa ree yake ya turufu, ahadi yao ya kumi ikavunjika. Mwalimu akanuna, Mama Daktari akapiga vigelegele kama yuko harusini.

Usiku ule niliposali, nilikikumbuka kile kikao cha ukoo, cha shamba la parachichi kando ya barabara. Uliniangalia ng'ambo ya mkeka ukaniuliza, "Mama Eliya, una neno?" Nikainamisha kichwa, nikasema sina. Shamba likatutoka. Nyumbani nikalia, nikakulaumu kwamba ulipaswa kujua. Miaka mitatu nimekulaumu kwa kutomwona mfalme niliyemficha mwenyewe. Nisamehe.

Sasa shemeji Yona anataka tubadilishane, achukue shamba letu la bondeni atupe lake la kule mlimani. Mlipopiga simu nilijibu, "Mtakavyoona ninyi." Hiyo nayo ilikuwa mbili. Barua hii ndiyo tisa yangu: sitaki bondeni litoke. Kiangazi kikikaza tunakula maharage ya pale, na miche ya kahawa ya Eliya inanyweshwa kwa maji ya pale. Mlimani hata ndoo utaijaza wapi? Kama nawe una jambo nisilolijua, liweke mezani nilione, tushauriane. Lakini usinyamaze ukidhani nimeridhika.

Daktari amenipa ruhusa. Ijumaa nitapanda basi la Kasulu, jioni nitakuwa nyumbani kabla ya kikao cha ukoo cha Jumamosi.

Nisalimie mama mkwe, mwambie namletea dawa ya kuchua. Msalimie mwanetu Eliya, na akina mama wa kwaya, wasimpe mtu nafasi yangu ya sauti ya pili. Na Yona msalimie kwa upendo, sina kinyongo naye, nitamweleza mbele ya wote.

Siku hiyo nitakaa ng'ambo ya mkeka kama kawaida yetu. Wewe niulize lile swali lako la siku ile. Safari hii neno ninalo.

Bwana awafunike,
mkeo na mwenzako,
Mama Eliya